Kanyaruchinya: Mtoto mkubwa anayekojoa kitandani si mvivu, wala si mchawi

Katika kibanda cha turubai ambamo watu sita wanalala chini ya blanketi mbili, mtoto wa miaka tisa akikojoa usiku halowi peke yake. Wanalowa wadogo zake, unalowa mkeka, inalowa na nguo ambayo dada yake alitaka kuivaa asubuhi. Kwa familia nyingi zilizokimbilia Kanyaruchinya, kaskazini mwa Goma, hiyo ilikuwa shida ya kila usiku, na kambi ilipovunjika mwanzoni mwa 2025 shida hiyo haikubaki pale. Ilibebwa pamoja na masufuria na bidoni hadi Rutshuru, Kibumba, au nyumba za ndugu mjini Goma.

Kanyaruchinya iko katika wilaya ya Nyiragongo, yapata kilomita 10 kutoka Goma kwenye barabara ya Rutshuru, chini ya volkano. Ardhi yake ni mawe ya lava. Ukitaka kuchimba choo unagonga jiwe, ukitaka mto haupo. Mwishoni mwa Oktoba 2022, waasi wa M23 walipotwaa Rutshuru na Kiwanja, makumi ya maelfu ya watu waliteremka barabara hiyo na kusimama hapo. Wengine walikuwa wanapajua tayari: mwaka 2012, katika vita vya kwanza vya M23, walilala kwenye mawe hayo hayo. Kabla ya 2022 kuisha, kipindupindu kilikuwa kimeingia.

Mahali pa namna hiyo, ushauri wa kawaida wa daktari hauna pa kushika. Funika godoro kwa plastiki, badilisha mashuka, hakikisha choo kiko karibu na taa inawaka. Godoro halipo, shuka halipo, choo ni cha watu wengi na kiko mbali gizani, na maji ni ya foleni. Kinachobaki mara nyingi ni hasira. Mtoto anachapwa, au anabebeshwa mkeka wake uliolowa apite nao mbele ya majirani, au wenzake wanamzunguka na kumwimbia ule wimbo wa kikojozi unaojulikana kila uswahilini.

Hasira ya mama inaeleweka. Aliyepanga foleni tangu alfajiri kupata bidoni moja ya lita 20 hapendi kuimwaga yote kwenye mkeka. Lakini fimbo haimkaushi mtoto, kwa sababu moja tu: alipokojoa alikuwa amelala. Hajui alichofanya mpaka ubaridi umwamshe. Anachojifunza kwa fimbo ni kuogopa kulala, kuficha nguo mbichi chini ya mawe, kuzivaa hivyo hivyo kwenda shule, kisha kuacha shule kwa sababu wenzake wanaziba pua.

Usiku mwilini kuna nini

Waganga hawahesabu kukojoa kitandani kuwa tatizo kabla ya miaka 5. Hata katika umri huo, karibu watoto 15 kati ya 100 bado wanalowesha malazi. Kwenye miaka 7 wanabaki kati ya 5 na 10. Katika darasa la pili lenye watoto 50, hao ni watoto watatu hadi watano, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake duniani. Wavulana ni wengi kuliko wasichana. Kila mwaka unaopita, takribani 15 kati ya kila watoto 100 wenye shida hii huacha wenyewe, bila dawa wala mganga, na wachache sana, mmoja au wawili kati ya 100, hufika utu uzima wakiwa nayo.

Mambo matatu hukutana usiku. La kwanza ni homoni ambayo ubongo huitoa ili kuziambia figo zipunguze mkojo mtu anapolala. Kwa watoto wengine homoni hiyo huchelewa kukomaa, na figo zao hufanya kazi usiku kama mchana. La pili ni kibofu kisichobeba mkojo mwingi. La tatu ni usingizi: kibofu kinajaa, kinaita, na ubongo hausikii. Mama anayesema kwamba mtoto wake "analala kama maiti" hakosei sana.

Na kuna urithi. Mzazi mmoja akiwa alikojoa kitandani utotoni, uwezekano wa mtoto wake kufanya hivyo ni karibu asilimia 40. Wote wawili wakiwa walikojoa, unapanda hadi zaidi ya 70. Kwa hiyo baba anayeshika fimbo asubuhi angeanza kwa kumuuliza mama yake mwenyewe habari za mkeka wake wa zamani. Kama jibu ni lile linalotarajiwa, basi kumwambia mtoto "na mimi nilikuwa hivyo, nikaacha" ni dawa isiyouzwa famasi yoyote ya Goma, na haigharimu faranga hata moja.

Aliyekuwa anaamka mkavu

Hayo yote yanamhusu mtoto ambaye hajawahi kukauka. Kuna mwingine, na Kanyaruchinya ilikuwa nao wengi: yule aliyekwisha kuacha kwa miezi sita, mwaka, hata miaka mitatu, kisha akaanza tena. Alikuwa mzima nyumbani Rugari. Wakakimbia usiku, risasi zikilia, akapotezana na baba yake njiani. Wiki mbili baadaye mkeka umelowa.

Huyu harudii utoto kwa makusudi. Hofu huvuruga usingizi, huvuruga mpangilio wa mwili mzima, na kibofu ni sehemu ya mwili. Waingereza waliliona hili kwa wingi Septemba 1939, vita vilipoanza na serikali yao ikawahamisha watu wapatao milioni moja na nusu, wengi wao watoto, kutoka mijini hadi vijijini kwa siku chache tu. Malalamiko ya wenyeji waliowapokea yalianza mara moja: magodoro yanalowa. Wapo waliosema ni watoto wa maskini wasiofunzwa adabu. Ikaonekana polepole kwamba wengi walikuwa wametenganishwa na mama zao na kulazwa kwa watu wasiowajua, na serikali ikaishia kuwalipa wenyeji hao fedha za ziada kwa ajili ya kufua. Hao walikuwa na nyumba za matofali na mabomba ya maji.

Watoto wa wilaya ya Nyiragongo wamekimbia zaidi ya mara moja. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka jioni, lava ikameza nyumba, watu wakatawanyika upande wa Sake na upande wa Rwanda. Mwaka uliofuata ikaja vita. Januari 2025 M23 wakaingia Goma, na ndani ya majuma machache kambi zilizouzunguka mji zikabaki mawe na vipande vya turubai. Mtoto aliyezaliwa 2015 amehama mara tatu kabla ya kumaliza shule ya msingi. Akilowesha mkeka, la kuuliza kwanza ni lini ilianza na kulikuwa na nini siku hizo.

Kuna jambo jingine, dogo machoni, ambalo kambini lilikuwa kubwa. Mtoto anaweza kuamka vizuri kabisa, akajua kibofu kimejaa, na bado asitoke. Nje ni giza, mawe yanakata miguu, choo kiko mbali, na kila mtu anajua habari za watu wenye silaha. Anajibana, usingizi unamchukua tena, mkojo unatoka. Kumwita huyo kikojozi ni kumwonea. Amefanya hesabu ambayo mtu mzima pia angeifanya.

Vyumba vya maombi

Katika Kongo, mtoto anayekojoa kitandani yuko kwenye hatari kubwa kuliko fimbo. Ripoti za watetezi wa haki za watoto zimeeleza kwa miaka mingi namna kukojoa usiku kunavyohesabiwa miongoni mwa "dalili" za uchawi, pamoja na ukaidi, ndoto mbaya, au kuongea usingizini. Mtoto anapelekwa chumba cha maombi, ananyimwa chakula na maji ili roho imtoke, au anafukuzwa nyumbani. Mara nyingi anayefanyiwa hivyo ni yatima anayelelewa na shangazi au mke mpya wa baba, ndani ya nyumba ambayo chakula hakitoshi. Vita huwaongeza watoto wa namna hiyo.

Sheria iko wazi. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshutumu mtoto kwa uchawi na kuliweka jambo hilo pamoja na kutelekeza na kudhulumu watoto. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inatoa adhabu ya kifungo. Kuisoma sheria hiyo mbele ya mchungaji aliyekwisha kupokea sadaka ni kazi ngumu, na mahakama za mkoa zimekuwa na shida zake, lakini jirani anayeijua ana neno la kusema kabla mtoto hajatupwa barabarani.

Kinachowezekana bila godoro wala bomba

Kazi huanza mchana. Mtoto wa kambini hunywa maji kidogo asubuhi kwa sababu maji ni ya kupimwa, kisha jioni, chakula cha siku kinapoiva, anakula na kunywa kwa mara moja yote aliyoyakosa. Kibofu kinaenda kulala kimejaa. Kinachosaidia ni kugeuza mpangilio huo: maji yaliyopo yagawanywe ili anywe zaidi asubuhi na mchana, apunguze saa mbili kabla ya kulala, na chai ya rangi ya jioni aachiwe mtu mzima. Kupunguza si kunyima. Mwenye kiu anapewa, na mwenye kuhara anapewa bila kipimo, kwa sababu kwenye kipindupindu maji ndiyo uhai.

Akojoe mara sita au saba kwa siku, kila baada ya saa mbili tatu, asisubiri mpaka aanze kucheza kwa mguu mmoja. Usiku akojoe mara mbili, kabla ya kujiandaa kulala na tena wakati wa kujilaza. Hapa mwalimu ana sehemu yake: mtoto anayeomba kutoka darasani aruhusiwe, hata kama ameomba saa iliyopita.

Kuna na tumbo. Choo kigumu kilichojaa utumbo hukandamiza kibofu, na watoto wengi wanaolowesha malazi wamefunga choo bila mzazi kujua, kwani nani anahesabu vyoo vya mtoto wa miaka kumi? Chakula cha msaada ni unga, na bugali peke yake haisukumi kitu. Maharage, sombe, viazi vitamu, papai likipatikana, na maji ya mchana, hufungua tumbo, na mara nyingine tatizo la usiku hupungua lenyewe.

Badala ya kumtuma nje gizani, iwepo ndoo au bidoni iliyokatwa, yenye kifuniko, ndani ya kibanda, kwa ajili ya mkojo tu, imwagwe chooni asubuhi na mikono inawiwe. Kumwamsha kabla mzazi hajalala huokoa mkeka wa usiku ule, ingawa hakumponyi. Ikibidi, aamshwe kweli, afungue macho, ajitembeze mwenyewe hadi kwenye ndoo. Kumbeba akiwa amelala kunaufunza mwili kukojoa usingizini.

Malazi yapangwe ili ajali isiwe msiba. Kipande cha turubai chini, juu yake nguo kuukuu zilizoshonwa pamoja kama tandiko dogo linaloweza kutolewa na kufuliwa peke yake, na kitenge chake cha kujifunika, ili blanketi ya familia ibaki kavu. Alale pembeni, asilale nje. Usiku wa chini ya Nyiragongo ni baridi, na mtoto mwenye nguo mbichi anapoteza joto haraka. Asubuhi aoshwe kwa maji kidogo na sabuni mapajani na sehemu za siri, kwa sababu mkojo unaokauka kwenye ngozi huleta vipele, na harufu ndiyo inayomfukuza shuleni. Asaidie kutandaza tandiko juani kama kazi yoyote ya nyumbani, kimya kimya, bila watazamaji.

Na asifiwe kwa yale anayoyaweza. Kukauka usiku hakuko mikononi mwake. Kukojoa kabla ya kulala, kunywa maji mchana, kutoa tandiko mwenyewe, hayo yako. Mawe madogo ya lava hayana bei Kanyaruchinya: kila siku aliyotimiza hayo anatia jiwe moja kwenye kopo, na baada ya majuma machache kopo linaonyesha kitu ambacho maneno hayaonyeshi.

Zipo tiba zaidi ya hizi. Kuna kengele inayovaliwa usiku na kulia mara mkojo unapoanza kutoka. Hufanikiwa kwa watoto wengi, kama wawili katika watatu, ikitumiwa kwa miezi miwili mitatu, lakini katika kibanda kimoja ingewaamsha wote kabla ya mwenyewe, na inahitaji betri. Kuna kidonge cha desmopressini, kinachofanana na ile homoni ya usiku. Hukausha kwa muda kinapotumiwa, na mtoto akikinywa kisha akanywa maji mengi anaweza kupata degedege. Si dawa ya kununua sokoni kwa kukisia.

Pale ambapo si suala la kungoja

Wapo watoto ambao kukojoa kwao ni ugonjwa unaopiga hodi. Mtoto anayekonda huku anakunywa maji kupita kawaida na kukojoa sana, mchana na usiku, huenda ana kisukari, na kumnyima maji kunaweza kumuua. Kituo cha afya chenye karatasi za kupimia mkojo kinaweza kuona sukari kwa dakika chache. Anayelia akikojoa, mwenye homa, au ambaye mkojo wake una damu au harufu mbaya isiyo ya kawaida, huenda ana maambukizi. Mwenye minyoo midogo inayomwasha nyuma usiku naye huweza kulowesha, na dawa yake ni rahisi.

Selimundu, ambayo wengi Kongo wanaijua kwa jina la SS, inahitaji kutajwa peke yake. Kongo iko miongoni mwa nchi zinazozaliwa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huo duniani. Figo zao haziwezi kubana mkojo, kwa hiyo hukojoa mwingi na mwepesi, na wengi wao hulowesha malazi hadi umri mkubwa. Mzazi akimpunguzia maji ili asikojoe, damu inakuwa nzito na maumivu ya mifupa yanaanza. Mtoto wa SS anywe maji mchana na usiku. Tandiko litafuliwa.

Mtoto aliyekuwa mkavu akaanza ghafla, na pamoja na hayo ana maumivu sehemu za siri, anaogopa mtu fulani, au amekuwa kimya tangu siku aliyokwenda kutafuta kuni, aulizwe kwa upole, na mtu anayemwamini, mbali na masikio ya wengine. Watu wa kambi za Goma wanajua yaliyowapata wanawake na wasichana kwenye njia za msitu wa Virunga, na wavulana hawakuepuka yote. Akipelekwa kituo cha afya ndani ya saa 72, anaweza kupewa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Baada ya hapo bado kuna matibabu mengine, lakini hiyo imepita.

Na msichana anayevuja mkojo mchana kutwa na usiku kucha, matone yasiyokoma, si kikojozi. Huenda ana fistula, tundu kati ya kibofu na uke, linalotokana na uzazi mgumu wa umri mdogo au ukatili. Hospitali ya HEAL Africa mjini Goma inajulikana kwa upasuaji wa aina hiyo.

Kwenye nyumba ya watu

Familia nyingi zilizotoka kambini sasa zinaishi kwa wenyeji, chumba kimoja, watoto wa nyumba mbili wakichangia godoro moja. Hapo shida inabadilika sura. Mama anaogopa kufukuzwa, kwa hiyo ananyamaza, na mtoto anakesha akijibana. Godoro linapolowa usiku wa tatu, mwenye nyumba anajiona amefichwa jambo.

Afadhali mama aseme mwenyewe, siku ya kwanza, mtoto akiwa mbali: kwamba huyu bado anakojoa usiku, kwamba ameleta turubai na tandiko lake, kwamba atalala chini upande wa mlango na kufua ni juu yake. Mwenyeji aombwe mawili tu: mahali pa kuanika pasipoonekana na barabara, na watoto wake wasimwimbie.